Minazi Sitini ya Kaole

Mume wangu alibadilisha shamba letu la paini la Kifanya kwa minazi sitini iliyoko Kaole, kule Bagamoyo, na watu wa Njombe mpaka leo wanasema alirogwa. Hakurogwa. Nilikuwepo Makambako siku alipotia saini, nimeshika kikombe cha chai ya tangawizi, na Denis alikuwa na akili zake timamu. Kama kuna aliyerogwa ni mimi niliyenyamaza.

Lile shamba nililipanda mimi. Sisemi tulilipanda. Denis alikuwa dereva wa mradi wa barabara, leo yuko Makete, kesho yuko Songea, nyumbani anakuja kubadilisha nguo na kuuliza kama mtoto amekua. Mwaka wa themanini nilibeba miche kichwani kutoka kitalu cha kijiji, Zita akiwa mgongoni, nikachimba mashimo peke yangu. Sakitu ya mwaka ule, ile baridi inayogandisha umande, iliua nusu ya miche, nikapanda upya. Mwaka wa tatu moto ulitoka kwa jirani aliyekuwa anaandaa shamba, nikapambana nao kwa matawi mabichi mpaka nyusi zikaungua. Kwa hiyo mtu akiniambia "shamba la Denis" huwa namwangalia tu, namwacha amalize.

Miti ile ilikuwa uzee wangu na masomo ya Zita. Sikuwa na kingine, na sikuhitaji kingine.

Kilichotuponza ni karavani, kile kinyumba cha bati kinachovutwa na gari. Denis alimwendesha mhandisi mmoja wa kizungu, na kila Juni, baridi ya Njombe inapofika kwenye mifupa, mzungu yule na mkewe walifunga karavani nyuma ya gari wakakimbilia pwani, ufukwe wa Kaole, karibu na yale magofu ya watu wa kale. Walikaa wiki mbili. Wao walilala ndani. Denis alilala nje chini ya turubai, na mvua ikinyesha alihamia kwenye kiti cha gari na magoti yake kifuani. Miaka sita mfululizo. Alifua, alichemsha maji ya kahawa, alifukuza kunguru, usiku akasikiliza wenzake wakikoroma nyuma ya bati jembamba.

Mradi ulipokwisha mwaka wa tisini na tatu, mzungu akaona karavani imechakaa, kuisafirisha ni taabu bure, akamwachia Denis. Ililetwa Kifanya ikaegeshwa mbele ya nyumba yetu. Watu walikuja kuishangaa: vitanda viwili, meza inayokunjwa, sinki dogo la kuoshea vikombe. Denis aliwaonyesha kila kitu lakini hakuruhusu mtu kulala humo, hata mimi. Alisema kulala humo ni mpaka baharini.

"Nataka nilale ndani," aliniambia. "Wewe uko pembeni yangu, nasikia maji, hakuna anayeniita nikachemshe kahawa."

Ningeweza kumcheka lakini sikumcheka. Mtu aliyelala nje miaka sita ana haki ya kutamani kulala ndani. Ila sikuona kwa nini haki hiyo ilipwe na paini zangu.

Hapo ndipo anapoingia Abdulsalam. Huyu alikuwa msafirishaji pale Makambako, ana malori matatu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mtu anauza kila kitu, mabati, mitumba, mafuta ya kula, na yeye alikuwa anatafuta mbao kama mtu mwenye kiu. Kwao ni Kaole. Baba yake, Mzee Ussi, alikufa akamwachia minazi sitini pale pale ufukweni, ambayo hakuwa na muda wa kwenda kuiangua. Denis aliposikia jina Kaole hakulala. Ndani ya wiki mbili walikuwa wamekubaliana: miti kwa miti, hakuna fedha.

Nilimwuliza Denis swali moja tu kabla hatujaenda kuandikishana. Nilimwuliza, hiyo minazi inakuja na ardhi?

"Mama Zita, tumia akili," alisema. "Mtu akikuuzia paini bila ardhi, unakata, unapakia, unaondoka. Mnazi haukatwi. Utasimama hapo miaka hamsini unazaa. Sasa usimame hewani? Lazima uje na ardhi yake."

Maneno hayo niliyaona yana akili. Uchungu wangu uko hapo mpaka leo, kwamba yalikuwa na akili. Sisi kwetu ndivyo tunavyojua ardhi: anayesimamisha mti usiokatwa, pale ni pake.

Siku ya kuandikishana tulikaa sebuleni kwa Abdulsalam, mashahidi wawili wako kwenye mkeka. Abdulsalam aliandika kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma madrasa: yeye anampa Denis minazi sitini iliyopo Kaole, na Denis anampa yeye miti ya paini iliyopo Kifanya. Akasoma kwa sauti. Denis akainua mkono.

"Hapo kwangu ongeza, na ardhi yake. Sitaki mambo ya nusu nusu."

Abdulsalam akainua macho. Alimwangalia Denis, kisha mimi, kisha karatasi.

"Na ardhi yake?"

"Na ardhi yake. Tusidhulumiane."

Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu. Niliiona. Wino ulifanya doa pale. Nikasema, kwa sauti ndogo kama inavyompasa mke mbele ya wageni, "Na sisi mipaka ya Kaole tutakwenda kuizunguka lini?" Maana kwetu ardhi haipokelewi mpaka mwenye kutoa, mwenye kupokea na majirani wameizunguka kwa miguu. Denis alinigusa kwa kiatu chini ya meza. Abdulsalam alijibu bila kuniangalia kwamba ndugu zake wako kule, watatuonyesha minazi yote, mmoja mmoja. Kisha akaandika. Kwa haki yake niseme, hakusema uongo hata neno moja.

Alikata paini zote kati ya Machi na Mei. Sikwenda kuangalia. Nilisikia misumeno nikiwa jikoni, nikawa nagonga vyombo kwa nguvu ili nisisikie.

Juni tukasafiri. Lori lake moja lilikuwa linapeleka mbao Dar es Salaam, likatuvuta na karavani yetu nyuma. Nilikaa mbele katikati ya Denis na dereva, kijana wa Makambako aliyeitwa Dulla, aliyeimba njia nzima. Nyuma yetu zilikuwa mbao za shamba langu, mbichi, utomvu wake unanuka mpaka Mikumi. Denis hakunusa kitu. Alikuwa ananieleza jinsi ya kukunja ile meza.

Dulla alishusha mbao, akatufikisha Kaole siku ya pili, akatuegesha chini ya minazi, akageuza lori. Ndugu wa Abdulsalam walikuja kweli. Watu wapole sana, walituletea madafu, wakatuhesabia minazi mpaka wa sitini, wakatupa mikono, wakaondoka. Nilisubiri watuonyeshe mipaka. Denis akasema watu wa pwani hawana haraka.

Siku tatu za kwanza mume wangu alikuwa na raha ambayo sijawahi kumwona nayo, hata siku ya harusi. Alilala ndani. Alilala mchana, alilala usiku, akaamka akakaa mlangoni na miguu nje, anamenya chungwa. Mle ndani joto lilikuwa la kuoka mkate. Nilijipepea kwa mfuniko wa sufuria, jasho linanitiririka, na yeye alikuwa akikoroma. Asubuhi alinitembeza kwenye magofu, akanionyesha msikiti uliobomoka na makaburi yenye nguzo, akanieleza mambo aliyoyasikia akiwa amembebea mzungu chupa ya maji. "Mwaka kesho tunaanza msingi," alisema. "Vyumba vitatu, baraza inaangalia maji. Zita akimaliza shule kule Uwemba aje hapa." Nikaanza kuamini. Lazima niliseme hilo pia. Nilikaa pale mchangani nikaanza kupanga jiko likae wapi.

Siku ya nne nikashindwa kukaa bure. Mimi ni mtu wa Kifanya, mkono ukikaa siku nne bila jembe unauma. Nilikuwa nimekuja na mbegu za maharage kwenye kitambaa. Nikachukua jembe nikaanza kuinua matuta kati ya minazi, kwenye mchanga ule usioshika hata umbo. Nilikuwa kwenye tuta la tatu alipokuja mama mmoja mtu mzima, amebeba makuti makavu. Jina lake nililijua baadaye, Bi Rehana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wachimba nini?"

"Matuta. Nataka kupanda maharage kidogo kabla hatujaanza kujenga."

Aliyatua yale makuti chini. "Kujenga wapi?"

"Hapa. Sisi ndio tuliochukua minazi ya Mzee Ussi. Karibu kwetu."

Hakukaribia. Alisimama akaangalia matuta yangu, akaangalia karavani, na uso wake ukawa wa mtu aliyetumwa kupeleka habari ya msiba kwenye nyumba asiyoijua.

"Minazi ni yenu," alisema. "Hilo hakuna wa kulikataa. Ussi alipanda kwa mkono wake, alimwomba baba yangu, baba akamruhusu. Lakini ardhi haikuwa ya Ussi, mwanangu. Ardhi ni yetu. Huku mtu huwa na mnazi wake katika ardhi ya mwenziwe. Anaangua nazi zake, anakwenda zake. Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu."

"Abdulsalam analijua hilo?"

"Abdu kazaliwa nyumba ile pale."

Nilikaa juu ya tuta langu. Yeye naye akakaa, sasa, pembeni yangu, akaendelea kwa upole ulioniumiza kuliko kama angenitukana. Ardhi yenyewe kaka zake wameshaiuza. Kuna tajiri anajenga hoteli, mwezi ujao wanaweka uzio. Minazi itakayokatwa tutalipwa fidia yake, kila mmoja kwa bei ya serikali. "Mimi mwenyewe niliambiwa walipokwisha kula pilau ya mauziano," alisema, akacheka kidogo bila furaha.

Nilikwenda kwa Denis. Alikuwa mlangoni na chungwa lake. Nilimweleza neno kwa neno, akaniambia bibi yule anataka kutuzuga ili tumpe nazi. Nikamshika mkono kama mtoto tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alisema yale yale, na alijitahidi sana asicheke.

"Nyinyi watu wa bara," alisema, "mngeuliza tu. Mtu yeyote angewaambia."

Denis aliitikia kwa kichwa kila sentensi, kama mwanafunzi. Tuliporudi alikaa pale pale mlangoni, akaokota chungwa alilokuwa ameliacha, akalimenya mpaka likabaki nyama tupu, hakulila.

"Uliongeza ardhi yetu," nilimwambia. "Hakuna aliyekuomba. Uliongeza kwa mdomo wako."

"Nilitaka haki iwe sawa."

"Haki ya nani?"

Nilimchukia. Miaka kumi na minane ya ndoa sikuwahi kumchukia, hata alipokuwa anakuja nyumbani mara moja kwa miezi miwili, lakini pale nilimchukia mpaka kinywa kikawa kichungu. Na kwa sababu siwezi kuchukia mtu mmoja bila kujigusa mwenyewe, nilikumbuka ile kalamu iliyosimama, na jinsi nilivyoiona ikisimama nikanywa chai yangu.

Siku mbili baadaye alikuja msimamizi wa yule tajiri, kijana mwenye kofia ya plastiki. Hakuwa mtu mbaya. Alisema karavani inaweza kubaki mpaka kazi itakapoisha, kwani wanahitaji mlinzi wa vifaa, na mzee anaonekana mtulivu. Denis alikubali kabla kijana hajamaliza kusema.

"Utabaki kulinda uwanja wa watu?" nilimwuliza.

"Nirudi Kifanya nikaseme nini?"

"Useme umekosea. Watu hukosea."

Alitikisa kichwa. Alisema wewe nenda, mama Zita, ukaone unachoweza kuokoa. Halafu akasema neno ambalo hata sasa nikilikumbuka sijui nilie au nimtukane. Alisema, "Hapa angalau nalala ndani."

Nikarudi peke yangu kwa basi. Sikupitia nyumbani, niliteremka Makambako na vumbi langu, nikaenda moja kwa moja kwa Abdulsalam. Alikuwa ofisini kwake, chumba chenye meza moja na magurudumu ya lori yamepangwa ukutani. Aliponiona peke yangu alijua. Alifunga mlango, akanivutia kiti.

"Ulinyamaza," nilimwambia.

"Mama Zita, sikudanganya."

"Sijasema ulidanganya. Nimesema ulinyamaza."

Alishika ndevu zake. Nilitegemea anitolee ukali au anipe aya, lakini hakufanya hivyo. "Mwanzo nilidhani mumeo anajua," alisema. "Kila mtu kwetu anajua. Aliposema 'na ardhi yake' ndipo nikajua hajui. Na kalamu ilikuwa tayari mkononi. Shetani hahitaji muda mrefu." Aliangalia meza. "Sijapata usingizi mzuri tangu siku ile, na wewe huna haja ya kuniamini."

Nilimwamini. Lakini sikumwonea huruma.

Alisema paini ameshazikata, mbao zimeshauzwa, hizo hawezi kuzisimamisha tena. Ardhi ya Kifanya yeye haimfai, si mkulima, na ni nzito rohoni. Atairudisha. Alitoa karatasi, akaita wale mashahidi wake wawili wa siku ile, akashika kalamu.

"Niandike jina la nani?"

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Labda ulitoka kule kwenye matuta ya mchanga. Nikasema, "Andika Feliciana." Akaandika jina langu, akasoma kwa sauti, mashahidi wakatia saini. Nilitoka pale nikiwa nimeiweka karatasi ndani ya nguo, juu ya ngozi, na njia nzima ya Njombe nilikuwa nafanya mahesabu ya miche. Visiki ving'olewe au viachwe vioze, nianze na safu za juu penye unyevu, Zita akija likizo anisaidie kuchimba. Miaka kumi na minne mingine nitakuwa na hamsini na tano, si mzee sana. Nilikuwa na furaha. Nasema wazi, nilimsahau Denis kabisa.

Nahumu, kaka mkubwa wa Denis, aliniita kesho yake baada ya ibada. Wazee watatu wa ukoo walikuwa wamekaa nyumbani kwake, na mkewe ametuletea viazi na chai. Tukaamkiana, kamwene, kamwene, wakaniuliza habari za safari, wakasikitika kwa ajili ya Denis kwa dhati kabisa. Kisha Nahumu akaomba aione ile karatasi. Aliisoma pole pole, akaikunja kama nilivyoikunja mimi, akanirudishia.

"Shemeji," alisema, "hakuna hapa anayetaka kukudhulumu. Miti ulipanda wewe, kijiji kizima kinajua, hata huo moto tunaukumbuka. Ingekuwa imesimama tungekwambia kata, uza, ni jasho lako. Lakini ardhi baba alimpa Denis kama mtoto wake. Denis ameitoa. Kitu kilichotoka mkononi mwa Denis kikirudi, kinarudi kwa baba, yaani kwa ukoo."

"Karatasi ina jina langu."

"Aliyeandika si mtu wa hapa," alisema mzee mmoja kwa upole. "Hajui taratibu zetu."

Nikauliza, na Zita? Wakatazamana. Nahumu akasema Zita ni binti mzuri, ataolewa, atapata kwake. Aliyasema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema mvua itanyesha Novemba. Niliwaangalia wote wanne. Watu hawa walinisaidia kuzika mama yangu, wala hapakuwa na mwizi kati yao. Nilikuwa na hasira ya kupindua ile meza ya viazi, nikabaki nimeshika kikombe kwa mikono miwili.

"Hatukufukuzi," Nahumu aliendelea. "Nyumba kaa, ni yako mpaka mwisho wako. Na pale palipokatwa miti, kalime tu. Viazi, mahindi, chochote, msimu kwa msimu, hakuna atakayekuuliza. Ila miti usipande."

Nilimwuliza kwa nini, ingawa nilikuwa najua. Nilitaka alitamke mwenyewe.

Nahumu alikunja uso, anatafuta namna ya kusema bila kuniumiza.

"Mtu akishapanda miti, shemeji," alisema, "baadaye anaanza kufikiri pale ni pake."